Mississippi John Hurt: santuri zilinyamaza miaka 35, mzee yuko kwao Avalon anachunga ng'ombe

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Kila uzi wa blues, ule muziki wa weusi wa kusini mwa Marekani, nikiufungua nakuta ni ile hadithi ya mpiga gitaa Robert Johnson kumuuzia shetani roho njia panda ili ajue kupiga, watu wanabishana weee mpaka wanachoka, uzi umeisha. Leo naomba nimlete mzee mwingine kabisa, mkulima wa Mississippi, mtu mpole ana mke na wajukuu, na mpaka leo yeyote anayejifunza gitaa kavu kwa vidole, awe Tokyo awe Tabata, atakutana na mkono wake hata kama jina halijui. Anaitwa Mississippi John Hurt. Uzi ni mrefu, mwenye haraka atarudi baadae.

Nianze na kwao maana kwao ndo kila kitu kwenye hii habari. Avalon, kaunti ya Carroll, jimbo la Mississippi. Msifikirie mji, ni kijiji cha duka moja na nyumba za mbao zimeachana achana, kiko pale vilima vinapoishia na bonde la Delta linapoanza, kati ya Greenwood na Grenada. Wanaofuatilia blues wanajua Delta ndo penye mashamba makubwa ya pamba, ndo kwenye ile blues ya kuunguruma na kuteleza na shingo ya chupa juu ya nyuzi. Hurt alikua pembeni, upande wa vilima, na mimi naamini ndo maana muziki wake unatembea taratibu namna ile, hauna ukali.

Alizaliwa miaka ya mwanzo ya 1890 sehemu inaitwa Teoc, familia ikahamia Avalon akiwa mdogo sana. Wazazi wake, Isom na Mary Jane, walikua watumwa kabla ya uhuru wao. Hapo naomba msipite haraka wakuu. Huyu mtu alikuja kuonekana kwenye televisheni ya Marekani miaka ya 60, na mama aliyemzaa aliwahi kuwa mali ya mtu.

Shule aliishia darasa la nne. Gitaa lilimjia hivi: mwalimu wake alikua anakaa kwenye nyumba yao, sasa kuna jamaa alikua anakuja kumposa posa huyo mwalimu na anakuja na gitaa lake. Jamaa hataki mtoto aliguse. Kwahiyo dogo anasubiri mgeni alale, usiku wa manane anachukua gitaa anapiga polepole asiamshe mtu. Alikua na miaka kama 9. Baadae mama yake akamnunulia la kwake kwa dola moja na nusu, akalibatiza Black Annie. Mimi kila nikimsikiliza naona bado anapiga kama mtu asiyetaka kuamsha waliolala. Ile sauti ndogo, yale mapigo laini, ni mawazo yangu tu lakini nayaamini.

Akakua analima, anapiga kwenye sherehe za jirani Jumamosi, wakati mwingine watu weusi wakati mwingine wazungu, maana kipindi kile cha ubaguzi huwezi kukaa nao meza moja ila ukipiga muziki wanacheza. Kuna wakati alifanya kazi ya reli miezi kadhaa na huko akaokota nyimbo za vibarua wa nyundo. Kulikua na mzungu wa hapo hapo Carroll anapiga fidla, Willie Narmour, mwenzake wa gitaa akiitwa Shell Smith. Mwenzake asipokuwepo Narmour anamchukua Hurt. Huyu Narmour ndo aliyemtaja kwa watu wa kampuni ya santuri ya Okeh. Naendelea, nakunywa chai kwanza.

#2 Mchangiaji

Mkuu shusha, niko nasikiliza Youtube huku nasoma. Swali, anapiga na nani? Nasikia magitaa mawili, moja besi moja solo.

#3 Mleta uzi

Hapo umeuliza swali zuri kuliko yote na ni bora nilijibu kabla sijaendelea, maana ndo kiini cha mzee mwenyewe. Ni gitaa moja mkuu. Mtu mmoja, amekaa kwenye kiti, kofia yake kichwani.

Kidole gumba kinapiga besi na hakisimami. Ukishika kodi (chord) ya C gumba linaenda uzi wa tano, linarudi wa nne, wa tano, wa nne, kama mtu anatembea zake kwenda shamba asubuhi hana haraka na wala hajikwai. Halafu kidole cha shahada na cha kati vinapiga wimbo wenyewe kwenye nyuzi nyembamba, na utamu uko hapa: vile vidole mara nyingi haviingii pamoja na gumba, vinaingia katikati ya hatua mbili. Ndo inakupa ule mdundo wa kurukaruka ambao mwili unaufuata wenyewe. Kidole cha pete na kile cha mwisho anavituliza juu ya ubao wa gitaa ili mkono usiyumbe.

Kingine nendeni mkasikilize kwa makini. Anaimba mstari, kabla haujaisha ananyamaza, gitaa linamalizia maneno. Kabisa yaani, unalisikia neno na hajalitamka. Nimekaa na huo mtindo miezi minane sasa na gumba langu limeshaanza kujiendesha lenyewe bila kuliwaza, nawaambia hakuna furaha kama hiyo asubuhi ile unapogundua hulihesabu tena.

Tuendelee. Februari 1928 Okeh wanamwita Memphis. Anafika kwenye ukumbi mkubwa mtupu, yeye na watu wa kurekodi tu. Alikuja kusimulia uzeeni kwamba walimkalisha kwenye kiti, wakamsogezea maiki mpaka mdomoni, wakishapata sehemu nzuri wakamwambia usitingishe kichwa tena. Shingo ilimuuma siku kadhaa. Alirekodi nyimbo 8, wakatoa 2 tu, Frankie upande mmoja na Nobody's Dirty Business upande wa pili.

Hiyo Frankie ni habari ya kweli, mwanamke wa St. Louis, Frankie Baker, alimpiga risasi mpenzi wake mwaka 1899, watu wakatunga nyimbo chungu nzima. Hurt anaisimulia kama jirani anakupa habari za mtaani, hapigi kelele, hahukumu, na mkono unapaa kwa kasi ambayo waalimu wa gitaa wa leo wanaifundisha polepole kwanza ndo waiongeze.

Desemba mwaka huo huo wakamwita tena, safari hii New York. Fikiria mtu wa Avalon, Desemba, New York. Alikutana huko na Lonnie Johnson, bingwa mkubwa wa gitaa wa kipindi kile. Lakini alikumbuka nyumbani, na huko huko akarekodi wimbo wa Avalon Blues, anasema Avalon ndo kwao na mawazo yake yako huko muda wote. Ushikeni huo wimbo, utatusaidia mbele.

Neno Mississippi kwenye jina waliliweka Okeh wenyewe ili santuri ziuze. Hazikuuza sana. 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka, biashara ya santuri ikafa karibu yote, hakuna aliyemuita tena. Mzee akarudi shamba. Ikawa imetoka hiyo.

#4 Mchangiaji

Daah. Kwahiyo akaacha muziki?

#5 Mleta uzi

Hapana mkuu, na hapa ndo nilikua nataka kufika. Vitabu vingi vinaandika alipotea. Mimi hilo neno silikubali hata kidogo. Alipotea kwa nani? Alikua Avalon. Analima, anachunga ng'ombe wa watu, anapiga kwenye sherehe za majirani kama alivyokua anapiga kabla hata Okeh hawajamsikia. Mkewe Jessie anajua aliko, wanae wanajua, mwenye duka anajua. Waliopotea ni wale waliokua na santuri zake mezani na hawajui hata rangi ya mtu anayeimba.

Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. 1952 kuna mkusanyaji anaitwa Harry Smith alitoa mkusanyiko wa santuri za zamani 84 kupitia kampuni ya Folkways, akaweka mbili za Hurt, Frankie na Spike Driver Blues. Hizo santuri kizazi kizima cha vijana wa muziki wa asili wa Marekani walizila kama chakula. Na Smith hakuandika huyu mweusi huyu mzungu, akaacha watu wasikie tu. Wengi walidhani Hurt ni mzungu wa milimani. Sauti ilikua haingii kwenye boksi lolote walilolizoea.

Spike Driver Blues ni ya yule John Henry, mfanyakazi wa reli mwenye nyundo aliyeshindana na mashine mpaka akafa. Kwenye nyimbo nyingi John Henry anasifiwa, shujaa. Kwenye huu wa Hurt anayeimba ni kibarua mwingine, anasema chukueni hii nyundo mpelekeeni bosi, ilimuua John Henry mimi haitaniua, naondoka zangu. Mnaelewa uzito wake? Mtoto wa waliokua watumwa, yuko Mississippi ya ubaguzi, anaimba mbele ya maiki ya kampuni kwamba kazi ya kuniua siifanyi. Na anaimba kwa upole mpaka unaweza usigundue. Mimi ilinichukua muda kuelewa na siku niliyoelewa nilikaa kimya kwenye daladala mpaka nikapitishwa kituo.

#6 Mchangiaji

Endelea walimpataje.

#7 Mleta uzi

Walimpata kwa wimbo wake. Vijana wa Washington wanaokusanya santuri, Dick Spottswood na Tom Hoskins, walipata kopi ya Avalon Blues. Wakasikia anasema Avalon ndo kwao. Kwenye ramani za kawaida Avalon haimo. Wakachimbua ramani ya zamani sana, wakaiona, kadoti kati ya Greenwood na Grenada. Hoskins akaendesha gari mpaka huko, Machi 1963, akaingia dukani akauliza, hivi kuna mtu anaitwa John Hurt hapa? Wakamjibu kama wanavyojibu watu wa kijiji chochote, fuata hiyo barabara, boksi la barua la tatu, panda kilima. Miaka 35 ya kutokujua aliko, kumbe ni boksi la tatu.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya mzee. Machi 1963, Greenwood iko hapo karibu tu, ndo mwezi huo huo weusi wanaandamana kutaka kujiandikisha kupiga kura na polisi wanawaachia mbwa. Kijiji cha Money alikotekwa Emmett Till, yule mtoto mweusi aliyeuwawa na wazungu mwaka 1955, hakiko mbali na hapo. Halafu jioni mzungu kijana asiyemjua kabisa anagonga mlango anamtaja jina lake. Hurt alidhani ni FBI, akawaza nimefanya nini mimi. Watu husimulia hiki kipande wakicheka, mimi siwezi kucheka, ile hofu ilikua na sababu zake zote.

Hakua na gitaa wakati huo. Hoskins alikua na lake kwenye gari. Akampa, mzee akapiga. Vidole vilikua vimekakamaa kidogo kwa kazi za shamba ila gumba lile lile, mwendo ule ule. Ana miaka kama 70.

Julai 1963, miezi minne tu baadae, yuko jukwaani Newport, tamasha kubwa la muziki wa asili, maelfu ya vijana wamekaa kimya wanamsikiliza. Mwezi mmoja nyuma Medgar Evers, mpigania haki za weusi, amepigwa risasi nje ya nyumba yake hapo hapo Mississippi. Hurt akahamia Washington na familia, akawa anapiga kwenye mgahawa wa kahawa, akarekodiwa kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, akaenda televisheni, vyuo, kumbi kubwa. Watu wa Newport walimpatia gitaa la Guild, lisilo na mapambo mengi.

Alipata miaka mitatu tu. Alirudi Mississippi, akafariki tarehe 2 Novemba 1966 Grenada, kwa moyo. Wamemzika Avalon.

#8 Mchangiaji

Uzi mzuri ila kuwa mkweli mkuu, wazungu si walimtumia tu hapo. Santuri 1928 hakupata kitu, na hao waliomfuata 1963 nao walikua na mikataba yao.

#9 Mleta uzi

Sikupingi. Miaka ya 20 kampuni ilikua inakulipa hela kidogo ya papo hapo, biashara imeisha, mirahaba hakuna. Na baada ya 1963 mikataba ilikuwepo na ilikuja kuzaa kesi ambazo ziliendelea hata mzee akiwa ameshakufa, familia yake ikiwa katikati. Hilo lisifichwe. Ningependa alipwe kila senti, mimi ningeanzia mwaka 1928.

Ila naomba na hili lisifutwe, kwamba yeye mwenyewe alikua na furaha ile miaka mitatu. Waliokaa nae wote wanasimulia uungwana wake, kijana akija kumuuliza unapigaje hapa anamkalisha anamwonyesha, hata mara kumi. Hiyo ndo iliyosambaza mkono wake duniani. Stefan Grossman alimuona akipiga, akaja kuandika vitabu vya masomo ya gitaa ambavyo vimefundisha watu wa nchi nyingi. Bendi ya Lovin' Spoonful jina lao walilitoa kwenye wimbo wake wa Coffee Blues. Tom Paxton alitunga wimbo wa kumuuliza msikilizaji kama alimsikia John Hurt. Wanamuziki Doc Watson na Taj Mahal, wote wamepita kwake. 2001 wakatoa albamu nzima ya kumuenzi, Peter Case akiisimamia, Beck yumo, Lucinda Williams yumo, Gillian Welch yumo.

Na ile njia panda mnayoipenda: hadithi ya kuuza roho ilisimuliwa kwanza juu ya mtu mwingine kabisa, Tommy Johnson, kaka yake LeDell ndo aliisimulia, baadae ikamwangukia Robert. Robert mwenyewe alifia jirani na Greenwood Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Ni mwendo mfupi tu wa gari kutoka kwa mzee Hurt aliyekua shambani wakati huo. Wawili hao wamelala karibu karibu, mmoja dunia inamjua kwa kifo chake.

#10 Mchangiaji

Mimi mama yangu ni wa Lubumbashi, nikisikia huyu mzee moja kwa moja namkumbuka Bosco. Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake wa Masanga. Nyumbani ilikua inapigwa kila Jumapili. Ni mkono ule ule wa gumba na kidole.

#11 Mleta uzi

Asante sana ndugu yangu, nilikua nasubiri mtu amtaje. Hugh Tracey, mzungu aliyekua anazunguka Afrika kurekodi muziki, alimrekodi Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka ule ule santuri za Hurt zinafufuka Marekani kwenye ule mkusanyiko. Bosco gumba na kidole cha shahada, Hurt gumba na vidole viwili. Sisemi mmoja alimsikia mwenzake. Ila mkono umefika sehemu moja, gitaa moja linabeba besi na wimbo kwa sababu mtu yuko peke yake na watu wanataka kucheza. Na Bosco anaimba Kiswahili, kile cha Katanga, alikaa Nairobi akapiga redioni na wapigaji wa Kenya wakachukua kwake. 1969 nae akaenda Newport, jukwaa lile lile la tamasha, Hurt keshafariki miaka mitatu nyuma. Ningetoa chochote wangekutana wale wazee wawili, wakae nyuma ya jukwaa na magitaa, lugha hawaelewani, wapige tu.

Vijana wetu wa gitaa sikilizeni Masanga halafu sikilizeni Frankie, siku moja, mfululizo.

#12 Mchangiaji

Kwao pakoje sa hivi? Kuna kumbukumbu?

#13 Mleta uzi

Mjukuu wake, Mary Frances Hurt, aliichukua ile nyumba ndogo ya mbao akaifanya makumbusho, na kila mwaka anaandaa tamasha la kumkumbuka. Februari 2024 nyumba ikaungua moto. Nilivyosoma ile habari niliumia kama ni kwetu. Kaburi lipo, kwenye makaburi ya St. James, njia ya udongo ndani ya miti, wapigaji gitaa wanaenda mpaka huko wanaacha sarafu na vitu vya kupigia nyuzi juu ya jiwe.

#14 Mchangiaji

Mkuu mimi sijui chochote cha blues, nianze na wimbo gani mmoja tu.

#15 Mleta uzi

Louis Collins. Ya 1928, usianze na ya miaka ya 60. Ni wimbo wa mtu aliyeuwawa kwa risasi. Hurt hakumuona akiuwawa, alisema alisikia watu wanaongelea tu, akapata habari ya kutosha kutunga. Anza kusikiliza gitaa kwanza, utadhani ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Halafu sikiliza anaanza na nani. Haanzi na muuaji wala bastola, anaanza na mama yake marehemu analia. Kiitikio kinasema malaika wamemlaza. Anakirudia, anakirudia, na gumba halibadiliki hata mara moja, linatembea tu.

Mimi ndo naujifunza sasa, nimefika ubeti wa pili. Nikiumaliza nitarekodi na simu niweke hapa hapa kwenye uzi.